Bondeni Kumetoka Kijani

Jumatatu, 10 Machi 2025

Ramani imetoka! Miezi yote ile ya kusubiri majibu ya dodoso la kaya, na leo kompyuta imenitapikia Rungwe nzima kwa rangi. Kijani — akina mama wengi wanajifungulia kituoni. Nyekundu — wengi wanajifungulia nyumbani. Masukulu kuna doa moja jekundu limeiva kama pilipili, huku upande wa juu wa mto, penye banda la kupimia majani ya chai. Bondeni, ng'ambo ya mto, kijani tupu.

Bosi Venance kafurahi mpaka kanunulia ofisi nzima maziwa mgando. Jumanne ijayo tunaipeleka kwa kamati, na pale penye nyekundu ndipo itakapoegeshwa bajaji ya wagonjwa. Wafadhili wametoa moja tu.

Sasa mbona sina raha? Bondeni ndiko alikoolewa mdogo wangu Tulia. Mimba yake imeingia mwezi wa tisa, ya kwanza, na kila nikimpigia ananiambia jirani gani tena kazalia ndani. Kijani gani hiyo?

Labda ni kahawa. Leo nimekunywa sana.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua data mbichi. Bondeni hakuna nukta hata moja, yaani alama ya mahali jibu lilipochukuliwa! Ile kijani kompyuta imeikisia tu. Mahali pasipo na nukta inaazima jibu kwa majirani, na bondeni imeazima upande wa kusini, kwenye vijiji vyenye kituo cha afya jirani. Hesabu ndizo hizo, na mimi ndiye niliyezipanga. Nukta zote za Masukulu zimerundikana kwenye banda la chai, moja juu ya nyingine. Jamani, nani anaishi bandani?

Nikampigia Ezron, mdodosaji wetu wa kule. Akacheka kwanza. "Dada Prisca, wewe si Mnyakyusa mwenzetu? Au Mbeya mjini wamekuharibu?" Anasema bondeni wakamwana wanakaa ua mmoja na baba mkwe, na mkamwana hakutani na baba mkwe, hata jina lake halitaji. Yeye Ezron akae pale, mzee yuko barazani, aanze kumuuliza mke wa mwanawe alizalia wapi na nani alimpokea mtoto? Angefukuzwa. Kwa hiyo aliwaambia wanawake wamkute bandani siku ya kupandisha majani. Wakaja, wakajibu kwa uhuru, wakacheka. Na kishikwambi kikachukua nukta pale pale kilipo.

Nimekasirika, halafu nikakosa wa kumkasirikia. Kafuata adabu. Majibu ni ya kweli kabisa. Ila yamehamia ng'ambo isiyo yao, na ule mto mvua ikikolea haupitiki. Bajaji ikiegeshwa huku juu, wa bondeni wataiangalia kwa macho.

Jumatano, 12 Machi

Nimemweleza Venance. Kanisikiliza nusu, nusu yuko kwenye simu. Anasema kila ramani ina kasoro. Nikamwonyesha ile ya pili, ramani ya mashaka, inayoonyesha wapi tunajua na wapi tunabahatisha. Bondeni pote ni giza. Akasema hiyo haiendi kwa kamati, itawachanganya wajumbe.

Kisha, polepole: "Mdogo wako kaolewa wapi vile?"

Kha! Nimetoka nikaenda kusimama dirishani mpaka mvua ikaninyeshea uso. Kinachoniuma ni kwamba kauliza swali la haki. Tulia angeolewa Isongole huko kwenye viazi, ningefungua data mbichi? Sijui. Nimejiuliza siku nzima, kweli sijui.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Boda mpaka bandani, halafu kwa miguu na Ezron. Daraja ni magogo na udongo, maji yanapita karibu sana chini yake. Ezron anakumbuka kila nyumba. Tunasimama ukingoni mwa ua, nainua kishikwambi, nachukua nukta, tunasonga. Bibi mmoja akauliza kama tunapima eneo la kununua! Tumepita kote, sasa kila jibu lina kwao.

Kwa Tulia nimekula ndizi na maharage. Kanenepa miguu, uso umemvimba kidogo. Sijapenda ule uvimbe. Tulikuwa katikati ya maneno mtu akakohoa njiani — baba mkwe, Mzee Abrahamu, anakohoa makusudi ili apishwe. Tulia na tumbo lile akatupa mwiko, akapotelea migombani! Mzee akaingia, akaipa mgongo migomba yote, akanisalimia kwa heshima. Ni mpole, mzee yule. Ana kirikuu cha kupeleka ndizi Tukuyu sokoni, ndilo gari pekee upande ule. Akauliza natafuta nini hewani na hicho kidude. Nikamweleza ramani, nikamweleza bajaji.

Akafikiri. "Dereva wake atakuwa nani?"

Nikasema mgeni tu, mtu wa kuajiriwa.

"Mgeni. Hapo sawa, mgeni anaweza kumbeba mkamwana," akasema. "Ndaga fijo." Akanishukuru kwa Kinyakyusa chetu.

Nilimsihi Tulia tuondoke wote, akakae kwangu mjini. Mama mkwe akasema mtoto wa kwanza wa nyumba ile huzaliwa ndani ya nyumba ile. Tulia naye kaniambia tusubiri, mumewe Lwitiko anarudi Jumatano kutoka Chunya migodini, ndiye atakayesema. Nimerudi peke yangu. Njia nzima nimenuna.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sijasikia mahubiri. Nilikuwa napanga nukta kichwani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeendesha upya kwa nukta za kweli. Nyekundu imeteremka! Imevuka mto, imekaa bondeni kote. Kule bandani pamebaki njano. Nimeirudia tena bila nyumba ya Tulia wala za jirani zake, ili nafsi yangu itulie. Nyekundu ile ile. Nimefurahi na nimeogopa kwa wakati mmoja.

Nikamtumia Venance kila kitu. Jibu lake: ameiona, kazi nzuri, kesho tunakwenda na ile ya kwanza kwa sababu wajumbe wameshatumiwa, marekebisho yataingia kwenye ripoti.

Ripoti! Ripoti inabeba mjamzito?

Mvua haijakatika tangu mchana. Tulia hapokei simu. Huenda ni chaji.

Jumanne, 18 Machi

Ukumbini. Mvua bado haijakatika. Bati linapiga kelele, wajumbe wanasogeza viti mbali na panapovuja. Ramani ya zamani iko ukutani, kubwa, na bondeni kijani kizuri kabisa. Mwenyekiti kaisifu. Flashi yenye ramani mpya iko kiganjani mwangu, imelowa jasho.

Simu imetetemeka. Mzee Abrahamu! Hajawahi kunipigia hata siku moja.

Uchungu ulimshika Tulia alfajiri. Amepata degedege. Mama mkwe mwenyewe kasema hapa hawezi. Lwitiko hajafika. Mzee kawaweka wanawake wote wawili nyuma ya kirikuu, chini ya turubai, akaendesha yeye. "Sikumtazama, mama," ananiambia, kama anayeniomba ruhusa. "Kioo nimekigeuza." Nimeziba mdomo nisipige kelele. Wamefika mtoni. Daraja limefunikwa, halionekani. Mtu anaweza kuvushwa kwa miguu, wapo vijana wa kumbeba, ila gari haliendi, na njia ya kusini imekatwa na tope. Akishavushwa, huko juu watamchukua na nini?

Nimesema subiri, mzee, subiri kidogo. Hajakata. Nasikia mto, na nyuma ya mto sauti ya mwanamke.

Venance ananionyesha kidole nisimame. "Mtaalamu wetu Prisca atatueleza hizi rangi." Wote wamegeuka. Nimesimama, simu bado sikioni.

Mzee anauliza, taratibu, kwa adabu yake ile ile: "Mama, ile bajaji yenu mmeiweka upande gani?"