Katebe ni Nani?

Likasi, tarehe 6 Machi 1975

Yaya Angèle, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji Damas na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje tangu palizi? Huku tu wazima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, utaona. Barua hii nimempa Marceline mkononi, anayekuja Kapolowe kununua mihogo, kwa kuwa posta siiamini tena. Humu natumia majina yetu ya ubatizo kama zamani. Ukimaliza kuisoma, itie motoni.

Unajua serikali imechukua shule za misheni. Kwetu waliagiza jina la Saint-Pacôme lifutwe langoni, shule ipewe jina la asili yetu. Mkurugenzi wetu Germain, yule Mkasai mwembamba, akapeleka jina bila kutuuliza: Institut Katebe. Tulipotaka kujua Katebe ni nani, alitabasamu akasema tutajua siku ya kuzindua kibao. Yaya, tabasamu lile halikunipendeza hata kidogo. Siku hizi mtu hafichi kitu bure.

Katika chumba cha walimu kila mtu akawa na lake. Joachim, wa jiografia, alisema kwa sauti kwamba huyo ni mjomba wa Germain. Mwingine alinong'ona kuwa ni muasi aliyeuawa. Mimi nilikuwa nikisahihisha Kilatini cha wanafunzi, lakini masikio yalikuwa wazi. Nikaanza kumchunguza Germain. Siku moja niliingia ofisini mwake bila kubisha, nikamwona akifunika daftari la zamani kwa gazeti. Jumamosi nikashuka mtaa wa Kikula kuwauliza wazee waliofyatua matofali ya shule. Mama mmoja muuza samaki wakavu alinijibu, "Minye shimujue ule muntu," yaani hamjui, akanitazama kana kwamba mpelelezi ni mimi. Nilikasirika sana.

Wiki iliyopita ofisi ya Chama ilimwita Germain. Walikuwa wamepokea barua isiyo na sahihi, ikisema Katebe ni muasi. Wamempa hadi Jumanne athibitishe alikuwa nani, la sivyo atafukuzwa kazi, na pengine kufungwa. Walimu wote wakamgeukia Joachim kwa sababu ya mdomo wake. Hakuna anayempa mkono sasa. Nami simpi.

Jana Germain aliniita, akafunga mlango, akafungua lile daftari. Ni orodha ya wafanyakazi ya mwaka 1958. Akaniwekea kidole kwenye mstari: Katebe Barthélemy, sentinelle, yaani mlinzi, na alama ya kidole gumba.

"Ni baba yako," akasema. "Weye haukujuwa?" Mimi nilimjua kwa jina la Barthélemy tu.

Akanieleza kwamba katika fujo za 1961, mji ungali Jadotville na watu wa Kasai wakiwindwa, mimi nikiwa seminari, Baba alimficha wiki tatu katika stoo ya vitabu vya Kilatini, akimletea bukari, ule ugali wetu, ndani ya sanduku la chaki. Alitaka kutufurahisha siku ya kibao. Sasa daftari peke yake haliwatoshi wale wa Chama. Wanataka mtu wa ukoo. Na kwa karatasi zao, mimi ni Ilunga.

Unakumbuka 1972, tulipovuliwa majina ya ubatizo? Uliniandikia kwamba jina la asili la Baba unalo, ila jina la marehemu halitumwi kwa karatasi. Nije nilipokee mdomoni mwako. Sikuja. Niliona ni mambo ya kijijini. Karani akanichagulia Ilunga, nikasema merci, nikarudi darasani.

Yaya, barua ile isiyo na sahihi niliiandika mimi. Si Joachim. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, kwa hasira niliyotoka nayo Kikula, nikamwita baba yangu mwenyewe muasi. Nina aibu hata ya kusali.

Nakusihi, njoo kabla ya Jumanne na kadi ya ubatizo ya Baba, ile yenye majina yake yote mawili. Ukishasema yako ofisini, nami nitasema yangu mbele ya Germain na Joachim. Nataka uwepo, nisije nikakimbia.

Mwambie shemeji anisamehe kukuondoa shambani. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,

Evariste

(Lile jina lingine sithubutu kuliandika kama langu kabla hujanipa.)