Maharage Yaliyopikwa Kitandani

Jumamosi. Tangu asubuhi mvua inashuka pamoja na majivu ya mlima wa moto, na nguo nilizoanika zimekuwa chafu kuliko kabla sijazifua. Mabomu yamenyamaza tangu jana. Nina hasira kali, na sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Wanaosoma blogu hii wananijua: mimi ndiye mama wa makala machache, yule wa kubana mkaa. Makala ya hapa Goma yanatoka msituni. Miti inakatwa, inafukiwa, inachomwa, na njiani wenye bunduki wanatoza kila gunia. Tunachemsha chai yetu na kuwanunulia risasi. Msitu ukiisha, mvua nayo inapoteza adabu. Ndugu zangu wanaolima Kalengera wanalijua hilo bila kuambiwa na redio. Basi nilijifunza kupika kwa blanketi, kisha nikawafundisha akina mama wa kanisa letu mpaka wakanichoka.

Kazi yenyewe ni ndogo. Maharage unayaloweka tangu jana. Unayachemsha kwenye babula, jiko letu la makala, kwa muda wa kufagia nyumba na kuosha vyombo. Kisha unaepua, unakaza mfuniko kwa mpira wa baiskeli, unaivika sufuria nguo na blanketi, unailaza kitandani. Joto lililobaki ndani linamaliza kupika lenyewe. Gunia lililokuwa likiisha kwa majuma mawili, kwetu sasa linavuka mwezi.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, hakulipenda jambo hili hata siku moja. "Kitanda ni ya batu, haiko ya maharagi," alikuwa akisema. Nilimcheka. Mimi nikishajua kitu, sishikiki.

Sasa niseme ya Alhamisi.

Ilikuwa mchana. Mume wangu alikuwa kazini, mama mkwe alikuwa sokoni. Aline, mwanangu wa miezi mitano, alikuwa amelala kitandani, na sufuria imelala pembeni yake. Vita vilikuwa Kibati, nje kidogo ya mji, siku ya pili. Tulikuwa tunasikia, tunaendelea kumenya viazi, kwa sababu hapa mtu akikimbia kila mlio hatapika kamwe. Halafu bomu la kwanza likaanguka nyuma ya nyumba ya jirani. Nyumba yetu ni ya mbao, tuliijenga juu ya lava iliyoila ile ya kwanza, na ubao wote ulilia. La pili likang'oa bati letu.

"Mama Aline, kimbia! Banaingia!" jirani alipiga kelele.

Moshi na vumbi vilijaa chumbani. Nilipapasa kitandani, nikamshika mtoto, nikamtupa mgongoni, nikafunga kitenge nikiwa tayari nakimbia.

Barabarani watu walikuwa wanakanyagana. Mbele ya duka la mikate alilala mwanamume asiye na mguu, bado anaomba maji, na tulimruka. Mimi pia nilimruka. Sikuangalia chini.

Karibu na kanisa nilihisi majimaji ya moto yananitiririka kiunoni. Nilifikiri Aline amekojoa, nikamshukuru Mungu, maana aliyekufa hakojoi. Nikapeleka mkono nyuma kumpapasa. Nikaunusa.

Kitunguu.

Nilikuwa nimebeba maharage.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka niligeuka na kupigana na watu wote waliokuwa wanakuja, kwa viwiko, kwa meno. Kwenye kona yetu askari mmoja alinizuia, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi.

"Rudia nyuma, mama! Huku hakuna kupita!"

"Mutoto wangu iko mu nyumba!"

Aliangalia mgongo wangu. "Mutoto si uyu?"

Mji unalipuka, na mimi naona aibu kutamka neno maharage. Alinishika mkono anirudishe, kwa nguvu lakini si kwa ubaya, ndivyo ninavyoona leo. Nilifungua kitenge, nikang'oa mfuniko, nikammwagia usoni.

Zilikuwa zimepita karibu saa tatu tangu niepue. Nilikuwa nikiwaambia akina mama kwamba baada ya saa tatu bado yanaunguza, na wengine hawakuamini. Yanaunguza. Mtu yule alilia kama mnyama, akapiga magoti, akajishika macho. Niliangusha sufuria na blanketi, nikamruka na yeye pia. Risasi zilipita juu yangu, sijui kama ni zake.

Nyumbani, Aline alikuwa macho. Halii, anatazama tundu kwenye ubao, kipande cha chuma kilipopita juu ya kichwa chake. Nilimshika miguu. Ilikuwa ya baridi. Alikuwa amefunikwa khanga yangu chakavu tu, kwa sababu blanketi lake zito nilikuwa nimelivisha sufuria.

Hapo ndipo nilipoelewa mikono yangu. Katika moshi ule ilitafuta chenye joto, na chenye joto hakikuwa mwanangu.

Tangu jana watu wanaingia na kutoka. Wote wanasema nilikuwa nimeenda kuchota maji, nikarudi kati ya mabomu kumfuata mtoto. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Wananishika mkono wakisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mume wangu amelia mbele ya wageni. Mchungaji anataka kesho nisimame kanisani nitoe ushuhuda, na nimekubali, mjinga mimi.

Yule askari sijui kama anaona. Nimeulizia kwa mbali, nikiogopa kujulikana. Hakuna anayejua.

Leo asubuhi mama mkwe alikuwa anatafuta kitu jikoni, anafunua hiki, anasogeza kile. Akaja akasimama mlangoni kwangu.

"Sufuria yangu iko wapi?"

Aliangalia kitanda. Aliangalia kiuno changu, pale ngozi ilipobabuka, nami nilisema nimemwagikiwa na chai. Akanitazama kwa muda mrefu, nami nikangoja matusi, maana nilistahili. Akatoka, akarudi na blanketi la kitanda chake mwenyewe, akamfunika Aline mpaka kidevuni.

Maharage nitaendelea kuyapika hivyo hivyo, kwa koti langu la kanisani. Makala hayajapungua ubaya kwa sababu mimi nimekosa. Lakini blanketi la mtoto, kamwe.

Kesho mama mkwe atakaa benchi ya mbele, kama kawaida yake. Nitasimama hatua tatu kutoka usoni pake, na watu wote watangoja niwaambie nilitoka nyumbani nimebeba nini.