Nyuma Yangu Hakuna Mtu

Nyumbani kwa Mama,
chumba kilichokuwa chako.
Jumapili, tarehe 4 Mei.

Mpendwa Kaka Rula,

Shikamoo, na uipokee vizuri kabla sijaanza kukulalamikia. U mzima? Wifi je? Na mtoto wenu, meno yamefika mangapi? Kile kiuno ulichokiumiza kwa kubeba maboksi huko ghalani kimepona, au bado unajikaza kisabuni? Sisi huku hatujambo. Mama presha imetulia na cherehani bado inalia kutwa. Macho ya karibu yamemwishia, sindano anatungiwa uzi, lakini ya mbali Mungu kamwongezea. Utaona kwa nini nakwambia hayo.

Mimi siwezi kukaa. Hapa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la nguo, na kila mistari miwili nazunguka chumba. Kitanda chako kinaniziba njia, nimeshagonga kidole mara mbili. Mwandiko ukienda upande usicheke.

Kaka, nimetolewa tena. Ilikuwa wiki tatu zilizopita, mashindano ya kutembea kwa kasi, kilomita ishirini, nilikuwa wa nne na pumzi bado ninayo. Kilomita ya kumi na saba jaji mkuu akanisimamia mbele na kibao chekundu. Goti la kushoto. Ni mara ya tatu mwaka huu, na zote ni goti hilohilo.

Kocha hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alinipa maji, akakunja kiti chake, akasema mchujo wa mwisho wa timu ni tarehe moja Juni. Nikitolewa na siku hiyo, nafasi yangu inakwenda kwa yule binti anayenifuata. Ana miaka ishirini na miwili, mimi natimiza thelathini na sita. Mchujo mwingine utakuwepo, lakini hautakuwa wangu.

Miaka kumi na minane nimetembea, Kaka. Nimefika nchi kumi na moja, na katika kila nchi naijua barabara moja tu, ya kilomita moja, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Watu wakiniuliza huko kukoje nawaambia lami ni nzuri. Mara ya mwisho uwanja wa ndege afisa mmoja wa pasipoti aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia natembea. Akaniuliza, natembea tu? Nikamwambia ndiyo, ila kwa haraka. Alimwita mwenzake aje anisikie.

Hapa mtaani nao hawajabadilika. Nikipita asubuhi bado wananiita Bata, na fundi baiskeli wa pale kona bado anaigiza kiuno changu mbele ya wateja. Siku hizi anakiigiza vizuri sana, nimemwambia aje mazoezini. Hayo yalikuwa hayanikeri, kwa sababu tulikuwa wawili wa kuchekwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Mimi mbele, wewe nyuma yangu hatua nne, macho kwenye magoti yangu. Mtembeaji hawezi kujiona goti akiwa njiani, akiinama kuliangalia ameshaharibu. Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa macho yangu. Likilegea kidogo nasikia "goti!" nalinyoosha. Miaka tisa hivyo, kila asubuhi, mvua na jua. Mimi sikuwa hata nikifikiria, nilikuwa nasikiliza viatu vyako tu.

Halafu siku ile ukatolewa wewe, mita mia mbili kabla ya mwisho, watu wote wakikuona. Wakakucheka, najua. Mtu aliyepewa jina la Rula kwa kunyooka miguu, anatolewa kwa goti! Lakini wewe ukagawa viatu, ukakata tiketi, ukaenda. Uliniaga kwa kuacha ujumbe kwa Mama. Miaka tisa mingine sasa, na sijawahi kukwambia kwamba nilikukasirikia, na kwamba hasira yenyewe haijesha. Sasa nimekwambia, moyo umepoa kidogo. Nimezunguka chumba mara nne hapo.

Nimekutumia kwenye simu video nne za kutembea kwangu. Alama zinaonyesha umezifungua. Hukujibu hata moja. Nilidhani umenidharau, mpaka wifi aliponipigia wiki iliyopita akaniambia unazitazama ukiwa umekaa kwenye gari nje ya nyumba, unazirudiarudia, na unasema "goti, goti" peke yako, hadi mtoto naye kaanza kusema goti kabla hajajua kusema baba. Usimgombeze wifi. Asingeniambia hilo, barua hii nisingeiandika.

Sasa nikueleze habari ya Mama. Baada ya kutolewa nilirudi hapa nikiwa sina raha, nikamwambia kwa utani kwamba kwa kuwa kazi yake ni kunyoosha mapindo ya suruali za watu, aje aninyooshe na mimi. Kumbe yeye hakutania. Kesho yake alfajiri namkuta yuko mlangoni na kigoda, filimbi ya zamani shingoni, na suruali yangu ya mazoezi ameishonea uzi mweupe ubavuni, kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo. Aliniambia uzi ukipinda katikati ataona.

Kaka, laiti ungemwona! Anakaa kwenye kona ya ile barabara inayozunguka uwanja, mkoba mapajani, na sheria zote mbili anazijua: mguu mmoja usibanduke kabla mwingine haujagusa chini, na goti la mbele linyooke tangu kisigino kinapogusa hadi mwili upite juu yake. Madereva wanampigia honi, naye anawapulizia filimbi. Siku ya kwanza alinipulizia mara ishirini na sita. Siku ya pili nikamwomba anipunguzie, akasema yeye si jaji wa kuhongwa.

Siku ya nne hakupuliza kabisa. Nilidhani nimepona. Nilipomaliza nikamkuta anauzungushazungusha ule mkanda wake wa kupimia, hanitazami usoni. Akaniuliza kwa nini kila nikifika kwenye kona nageuza shingo kushoto. Nikamwambia sigeuzi. Akasema nageuza, kidogo tu, bega la kushoto linashuka, na likishuka goti linafuata. Hakuna ugonjwa kwenye goti, tatizo lenyewe ni shingo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Unamsikiliza kaka yako. Mwanangu, nyuma yako hakuna mtu."

Nilikasirika, nikamwambia hayo ni mambo ya uzee. Lakini jioni ile niliitazama video ya mashindano. Kilomita ya kumi na saba kuna mwenzangu anakuja nyuma yangu, viatu vyake vinalia kama vyako, kizito kidogo cha kulia. Na mimi nageuza shingo. Naonekana kabisa ninavyogeuza. Jaji anaandika. Nilifunga simu nikalia, na Mama akajifanya anatafuta mkasi.

Kwa hiyo sikuombi ushauri, Kaka, wala sitaki video zangu zijibiwe. Nakuomba jambo moja tu. Tarehe moja Juni, saa moja asubuhi, njoo usimame kwenye ile kona ya Mama, maana mchujo ni barabara hiyohiyo. Huna haja ya kupaza sauti, na sheria hairuhusu. Simama tu nikuone kwa macho, nijue uko mahali fulani, ili niache kukutafuta mgongoni. Kama huwezi, au hutaki, sema. Nitaumia, nitapona. Kinachoniua ni huku kutojua, kwa sababu mtu asiyesema kwamba haji, sikio langu linaendelea kumngoja.

Kocha anakusalimu, anasema hajapata mwingine mwenye miguu kama yako. Fundi baiskeli naye anakusalimu, kwa kiuno. Mama anasema uvae sweta na usile umesimama. Msalimie sana wifi, na mtoto mbusu magoti yote mawili, umwambie shangazi yake ndiye mwenye hilo neno. Mungu akulinde na mizigo ya watu, na akupe ruhusa kwa huyo msimamizi wako wa ghala.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukununia kwa wakati mmoja,

Bata.

N.B. Mama amekata vipande viwili vya pamba kutoka kwenye pedi za mabega za koti la mteja, ameviviringa, ananiambia siku ya mchujo nivitie masikioni nisisikie mtu nyuma. Kimoja nimekibakiza hapa. Cha pili ndicho hicho kilichoanguka ulipofungua bahasha. Ukija, njoo nacho. Usipokuja, kirudishe kwa posta mapema, Kaka, maana nitakihitaji.