Birika la Roccamora

Mjini, Sikukuu ya Mtakatifu Martino, 1318

Kaka Berardo,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na kifua cha mama kinapata nafuu. Mimi mzima, ila usingizi sina.

Watu wa Pieve wamewashtaki ninyi kwa askofu, hapa ninapofanya ukarani. Wanasema mmeweka birika la ubatizo katika kanisa letu la Mtakatifu Donato, ilhali tangu enzi za mababu watoto wa Roccamora hubatizwa kwao tu, kule bondeni. Nakuomba, livunjeni kabla ya Krismasi. Msipolivunja, kanisa litafungwa na hakuna atakayezikwa humo. Mfikirie mama. Anataka kulala kando ya baba.

Mdogo wako,
Odorisio


Roccamora, Sikukuu ya Mtakatifu Andrea

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Hali yako hatukuiuliza. Barua hii Padri Gentile ananiandikia kwa niaba yangu, na nimemkataza kulainisha maneno.

Birika hilo nililichonga kwa mikono yangu, baada ya mwanangu kushushwa Pieve kwenye theluji akarudi Mkristo na maiti. Wewe ulikuwa huko ukichonga kalamu. Mama anauliza kama askofu wako anakulisha. Nimemwambia anakulisha vizuri, ndiyo maana hubweki.

Halivunjwi.

Kaka yako,
Berardo


Mjini, siku ya Mtakatifu Lusia

Kaka Berardo,

Salamu. Mama hajambo? Usinitukane, barua zako nazisoma nikiwa nimejifungia.

Amri ya kufunga kanisa kuanzia Krismasi imetoka leo. Mwandiko ni wangu, utautambua. Ningekataa, angeandika mwingine, nami ningefukuzwa. Chukua nyundo, kaka. Hata ufa mmoja tu, Pieve wauone.

Mdogo wako,
Odorisio


Roccamora, baada ya Epifania

Odorisio,

Salamu sina.

Mwandiko tuliutambua. Watu wa Pieve waliupigilia mlangoni kwa misumari huku wakicheka: "Karani wenu ana mkono mzuri. Mama yake kamzalia nani?"

Mama alifariki Jumanne. Padri amekatazwa kumzika, basi tumemzika wenyewe. Tuliung'oa mlango. Kando ya baba hakutaka tena. Alisema, "Baba yenu atasubiri. Nilazeni chini ya birika." Tulilisogeza, tukachimba, tukamlaza, tukalirudisha juu yake. Atakayekuja na nyundo atasimama kifuani pake.

Berardo


Mjini, Sikukuu ya Mishumaa

Kaka Berardo,

Salamu, na pole. Nimelia, lakini si mbele ya watu.

Jana niliitwa. Wenye nyundo wanapanda huko Jumatatu, na mtu wa kuwasomea ninyi amri ya kulivunja birika nimechaguliwa mimi, kwa kuwa ni mwenyeji. Nimeitikia.

Nakuomba jambo moja tu, hata kama hutanisalimu. Niandikie upesi kichwa chake mmekielekeza upande gani, nisije nikamkanyaga.

Mdogo wako,
Odorisio