Maji ya Moto kwa Arobaini ya Salma

Kiegeani, Mafia

Kwa Dada yangu mpendwa na mheshimiwa, Agnesi,

Shikamoo Dada. Naomba salamu hizi zikukute mguu wako umepoa, na wote waliomo chini ya paa lako wakiwa salama kwa rehema za Mungu. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Sikukosa wa kumpa barua. Nilikosa ujasiri wa kuandika jambo ambalo lilipasa kuwa limemtoka mgane mwenye mvi kama mimi. Jambo lenyewe ni wivu.

Uliniuliza kama narudi Lindi, maadamu kazi yangu ya ukarani katika shamba la minazi imekwisha. Dada, nilikuwa nikingoja kujua kama mwanangu Danieli bado ana haja nami.

Wajua kwamba alisilimu alipomwoa Salma, na huku huitwa Idrisa. Hilo nilikwisha kulipokea. Lililonishinda ni baba mkwe wake, Bwana Seif, mwenye minazi, ambaye babu yake alitoka Omani. Ni mtu mpole na mkarimu. Sina neno la kumshitaki, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Siku moja Danieli aliniambia, “Baba ameagiza mafuta ya taa.” Nikamjibu kwamba sikuagiza. Kumbe baba aliyemtaja si mimi.

Salma alipokaribia kujifungua, Danieli alitaka nyumba yake mpya isikose maji ya moto, maana huku mzazi hagusi maji baridi mpaka arobaini yake itimie. Bwana Seif akapendekeza mtambo wa shaba kutoka Unguja: maji hupita katika bomba lililosokotwa juu ya moto wa mafuta ya taa, yakatoka yakifuka papo hapo. Mimi nikapendekeza pipa jeusi juu ya bati, kama lile la zahanati ya misheni nilikosomea, ambalo jua pekee lilitosha kulipasha. Danieli akasema kwa adabu kwamba tujaribu yote mawili.

Nilipata pipa kwa mafundi wa mashua wa Utende. Lilikuwa la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vyao. Nililisugua kwa majivu na mchanga hata pua yangu isisikie kitu, nikalipaka rangi, likapandishwa. Mtu wa kisiwani angejua, lakini mimi ni mtu wa bara: sifa hulala kwenye baridi na kuamka juani. Maji yalipata moto vizuri sana. Salma akaingia kuoga, na alipotoka, nyumba nzima ilinuka gati.

Mama yake alimtazama, akasema taratibu, “Mwanangu, umekwisha kupakwa sifa. Sasa kilichobaki ni kukushusha majini.”

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Bwana Seif hakucheka. Alinishika mkono akasema, “Mkwe mwenzangu, usijali, hata mimi ningekosea.” Asingekosea, Dada. Afadhali angecheka.

Mtambo wake ulipofungwa, majirani walikuja kuusikiliza ukinguruma. Nami nilisimama nyuma nikiomba uzimike. Haukuzimika. Jioni Danieli alinijia barazani.

“Baba, nimechagua ule wa shaba. Mtoto akizaliwa alfajiri hatangoja jua.”

Alisema kweli. Usiku ule nilifunga sanduku langu nije kwako.

Lakini kabla chombo hakijapatikana, Salma alijifungua mtoto wa kike. Mkunga, bibi mmoja mkali wa hapa hapa, aliyapima maji ya mtambo kwa kiwiko akayakataa. Alisema hayo ni ya mama. Mtoto mchanga huogeshwa maji yaliyokaa juani kwenye beseni, yakapata uvuguvugu wenyewe. Kisha akauliza, “Nani hapa hana kazi?” Danieli akanitazama, akasema, “Baba yangu analijua jua.”

Basi, Dada, nimefungua sanduku. Kila asubuhi natoa beseni uani, nalisogeza kivuli kinaposogea, nafukuza kuku, na maji yakiwa tayari namwita mkunga. Nisamehe kwamba siji. Ila juzi Bwana Seif naye alileta kiti chake akaketi upande wa pili wa beseni. Jana alitia kidole kupima.

Nisalimie shemeji yangu fundi viatu, mpwa wangu anayefundisha watoto wa misheni, na mama mkwe wake ambaye huniombea bila kuchoka.

Ni mimi, mdogo wako mtiifu,
Yohana

Barua hii anaichukua Bwana Seif mwenyewe, anayekuja Lindi kuuza mbata, nazi zake kavu. Nakusihi usimpe akusomee. Mpokee kwa heshima zote, mpikie, mwonyeshe mji na ndugu wote, hata wa mbali. Na akitaka kurudi upesi, Dada, tafadhali usimruhusu.