Udi wa Bi Mauza Umefikaje Magomeni?

Mama Mshauri, shikamoo. Neno hili sijamwambia mtu, hata padri, hata mama yangu mzazi, na wewe nakuandikia kwa sababu hunijui sura. Nipo kidato cha pili, tumepanga chumba Kariakoo kwa Bi Mauza, ambaye udi wake wa kupika unajulikana mtaa mzima, na aliyefundishwa kuupika ni Sabaha peke yake, mke wa mwanawe. Mimi hukaa uani na daftari langu, Bi Mauza hanijali, husema, "Mwacheni huyo na kizungu chake," kumbe miezi mitatu nilikuwa naandika kila anachofanya, sukari inayeyushwa mpaka iwe rangi gani, vipande vya udi vinalowekwa marashi siku ngapi, na kitu kimoja cha mwisho ambacho hapa sitakiandika kwa kuwa si changu, yote kwa Kiingereza, kwenye daftari la kemia, kama jaribio, ili akiliona asielewe.

Basi mwalimu wangu Waridi alipoolewa huko Magomeni nikajinyima sukari ya chai, na foleni za duka la ushirika unazijua, nikaupika udi siku wote wameenda mkutano Mnazi Mmoja, nikauacha kwenye zawadi bila jina maana naona haya, sikujua kwamba Bi Mauza naye kaalikwa, na ulipofukizwa tu akaijua harufu yake, akanyanyuka. Aliporudi akamwambia Sabaha, "Nimekufundisha wewe peke yako. Udi wangu umefikaje Magomeni, umepanda basi?"

"Mama, sijamwambia mtu."

"Ahaa. Basi udi una miguu."

Sasa Hashil, mume wa Sabaha, amesema Ramadhani haitamkuta mkewe humu ndani, atamrudisha kwao Bagamoyo, naye Sabaha jana kanipa kipande cha muhogo akaniuliza masomo yanaendaje, nikaula nikamjibu vizuri tu. Nikisema tutafukuzwa, na mama yangu hana pa kwenda. Nifanyeje? Nasikia kandambili mlangoni, naificha karatasi

*

Marahaba, binti. Kupenda harufu nzuri si kosa, na umri wako nimeupitia. Hata mimi umeninyima kile kitu cha mwisho, kwa hiyo cha mtu unakijua. Mbona basi cha Sabaha hukioni? Yeye anapoteza ndoa, wewe unalilia chumba cha kupanga. Kuacha zawadi bila jina naweza kukuita haya. Kula muhogo wa mtu anayefungasha kwa ajili yako nakuita woga.

Majina nimeyabadili, lakini gazeti hili husomwa kwa sauti barazani kila Jumamosi, na mtaa wenu hautahitaji majina. Wasikie kwako kwanza. Leo, si Jumamosi.

Anza na mama yako, umweleze yote, kisha mwende pamoja. Hashil awepo. Shika lile daftari umsomee Bi Mauza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, aamini kwamba ni wewe. Kile cha mwisho mnong'oneze sikioni. Chana kurasa hizo umkabidhi. Atakuuliza kwa nini hukumwomba akufundishe, nawe umjibu ukweli, hata kama ni wa kijinga.

Halafu mgeukie Sabaha umwombe radhi mbele ya hao hao waliosikia akisemwa. Bi Mauza akiwafukuza, fungasheni bila kujibu. Vyumba Kariakoo bado vipo, na bora mhame nyinyi wapangaji kuliko Sabaha aachwe kwa udi ambao hakuupika.