Nyangumi Hana Bondo

Mafuru, mwenzangu wa mtumbwi mmoja,

Mimi Masatu nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Najua ungeuliza nani kakusaidia. Hakuna. Ni zile herufi za ngumbaru, kisomo cha watu wazima, ulizokuwa unanichekaga, zimelalia upande kama walevi.

Tangu tukuzike kwenu Butiama, mwaloni, pale tunaposhushia samaki, siongei sana. Juzi wakaniomba habari ya nyangumi, yule niliyemuona nilivyoenda Dar. Nikaanza: mgongo kama paa la kanisa, mashavu ya kupumulia yanafunguka kama milango ya godauni. Na bondo lake, lile puto la tumboni tunaloanikaga la sangara, la kwake ukilianika linafunika barabara ya Mukendo yote pale Musoma. Nikafika hapo nikasubiri. Maana wewe ndio ulikuwaga unadakia, "Nyangumi wako leo kakonda, ongeza mkia." Hakuna aliyedakia. Nikachukua kofia yangu nikaenda nyumbani.

Sasa sikia. Jumapili nilienda Bunda kumuona binti yako, Mwalimu Nyabise. Nikajisifu na kwake, mbele ya wageni, mimi na bondo langu. Akaniangalia, akasema, "Baba mdogo, nyangumi hana bondo." Akaleta kitabu cha shule. Mafuru, yule sio samaki. Mashavu hana. Ana mapafu kama watu, na pua iko juu ya kichwa. Lazima apande juu kuvuta hewa, asipopanda anakufa, na maji yote yale. Ananyonyesha. Mkia wake haupigi kushoto kulia kama wa sangara, unapiga juu chini. Kumbe miaka yote nilikuwa namuongeza sangara ukubwa tu! Binti yako alicheka mpaka akatoa machozi. Hajachekaga tangu msiba.

Halafu akasoma kitu kimoja, mimi nikashindwa kucheka. Eti mwenzao akiugua, akishindwa kupanda, wengine wameonekana wanaingia chini yake, wanamuinua na migongo yao apate kuvuta pumzi.

Nikakumbuka wiki ile ya hospitali Musoma, kifua kimekubana, kulala huwezi. Nikapanda kitandani nyuma yako, mgongo kwa mgongo, ukaniegemea. Ulikuwa mwepesi... wewe uliyekuwaga unavuta nyavu peke yako. Ukaniuliza, "Masatu, kweli ulimuona?" Nikasema nilimuona. Ukasema, basi ongeza mkia. Nikaongeza. Hukusikia mpaka mwisho.

Sikumuona, Mafuru. Dar nilikaa siku mbili, nikaona maji, nikapanda boti nikatapika, nikarudi na basi. Uliniuliza kweli na pumzi zako za mwisho, nikakupa uongo. Labda ulijua. Nadhani ulijua tangu zamani, mjanja wewe, ukaniacha tu.

Pumzika, mwenzangu. Mengine nitaendelea kudanganya, usiniombe makubwa. Yule mamba niliyempiga na kasia nabaki naye. Ila ya nyangumi nakuahidi nitaisema ilivyo: hana mashavu, hana bondo, mimi sijamuona hata siku moja, na mwenzake akiugua anambebaga. Wakiuliza hilo la mwisho nimelijuaje, nitawageuzia mgongo wangu, waangalie pale ulipoegemea.

Masatu wako